Shajara ya mradi: kurudisha kizigeu cha mbao kwenye pabu ya mtaani

Januari, Jumamosi ya pili

Leo tumekabidhiwa funguo. Nimeingia kwa mlango wa pembeni na tochi mkononi, maana umeme ulikatwa siku nyingi. Ndani pananuka unyevu na bia iliyokaukia kwenye zulia. Lakini kaunta ipo. Nimeipitishia kiganja kutoka ncha hadi ncha: ubao mmoja wa mkangazi, karibu mita tano, hauna kiungo hata kimoja. Ukingo wa mbele umelika kidogo pale ambapo vizazi vya watu viliegemeza viwiko.

Kwa msomaji anayeanza leo: mimi ni seremala. Nimezaliwa Tanga, kazi nimefundishwa na mjomba wangu, na huu ni mwaka wa kumi na moja naishi Black Country, ile sehemu ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma iliyo magharibi ya Birmingham. Pabu yenyewe, yaani baa ya mtaa ya Kiingereza, iko mtaa wa pili kutoka kwangu. Pombe situmii, na mama akipiga simu huuliza kwanza kama nimekula, halafu kama bado nafanya kazi kwenye baa ile. Nafanya. Nilijiunga na kamati ya wakazi ya kuiokoa siku niliyochungulia dirishani nikaiona kaunta hii imefunikwa vumbi, na mlangoni pamebandikwa karatasi ya mpango wa kugeuza nyumba kuwa fleti.

Kufika kwenye funguo kumetuchukua muda mrefu. Ipo sheria ya mwaka 2011 ya England inayokipa nafasi kikundi cha wakazi wasiopungua 21 walioandikishwa kupiga kura: wanaiomba halmashauri itambue jengo kuwa ni mali yenye thamani kwa jamii. Ikikubali, utambuzi unadumu miaka mitano. Mwenye nyumba akitaka kuuza, na wakazi wakajitokeza kwamba wanaitaka, miezi sita lazima ipite kabla hajamuuzia mtu mwingine. Hailazimishi awauzie wao. Inawapa muda wa kuchangishana, na kuchangishana ndiyo kazi. Ivy House ya Nunhead, kusini mwa London, ndiyo ya kwanza kununuliwa kwa njia hiyo, mwaka 2013, na sisi tumefuata mfano wao wa hisa: kila mwenye hisa ana kura moja, awe ameweka kidogo au kingi.

Januari, mwisho wa mwezi

Wiki tatu sijashika msumeno. Napiga picha, napima, nabandika namba kwenye kila kipande cha mbao, kila kioo, kila bawaba. Wenzangu kwenye kamati wameanza kuniuliza kazi itaanza lini. Nimewaambia kazi imeshaanza.

Nikawakumbusha Carlton Tavern ya Kilburn, London. Aprili 2015 ilibomolewa bila kibali, wakati wataalamu wa urithi walikuwa katika hatua za kuiweka kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Halmashauri ya Westminster ikaamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa, na ikajengwa. Ilifunguliwa tena Aprili 2021. Iliwezekana kwa sababu kabla ya kubomolewa kuna watu walishaingia na kamera na vipimo. Bila ya zile picha, amri ya halmashauri ingebaki kwenye makaratasi.

Na hapa kwetu nani amesahau Crooked House ya Himley? Nyumba ya mwaka 1765, iliyoinama kwa sababu ardhi ilititia juu ya migodi ya makaa. Usiku wa tarehe 5 Agosti 2023 iliungua, siku mbili baadaye ikasawazishwa chini na mashine. Niliona watu wazima wanalia mbele ya kifusi cha matofali. Tangu siku ile kamera haitoki mkobani mwangu.

Februari 9

Tumetoa zulia. Chini ya zulia kuna mbao laini za kufunikia, chini yake sakafu ya kweli. Na kwenye sakafu, nilichokuwa nakitafuta: alama ya kizigeu, ule ukuta mwembamba wa mbao uliogawa vyumba.

Mstari. Upana wa vidole vinne, rangi yake hafifu kuliko mbao za pembeni, umetoka kwenye kaunta umekwenda moja kwa moja hadi ukuta wa mbele. Kila baada ya hatua ndogo pana tundu la skrubu lililozibwa kwa puti. Nimeinua kichwa: darini, juu ya mstari uleule, nakshi ya plasta imekatwa na kuungwa kwa mkono usio na subira. Kisha nikaenda kwenye mlango wa ukumbini, nikakwangua rangi kwa ukucha, ikatokea namba 2. Mlango wa nyuma una namba 3. Zamani vyumba vya pabu vilipewa namba, ili ijulikane wapi kinywaji kinauzwa na wapi kinahifadhiwa. Kwa hiyo palikuwa na namba 1, na mlango wake umekwenda pamoja na kizigeu.

Ukumbi huu mmoja mkubwa, ambao kila mtu mtaani anadhani ndivyo pabu ilivyozaliwa, ulikuwa vyumba vitatu.

Nimekaa juu ya ndoo nikiutazama mstari ule mpaka tochi ikaanza kufifia. Watu wakisema wanahifadhi pabu, mara nyingi wanamaanisha jina, ubao wa picha nje, na leseni. Mimi nasema kinachostahili kuhifadhiwa kwanza ni mpango wa vyumba. Ukivunja vizigeu umebaki na duka la bia lenye kaunta nzuri.

Februari 20

Kwenye hifadhi ya nyaraka nimeletewa ramani ya nyumba. Inatokana na sheria ya mwaka 1902: mwenye pabu aliyetaka kubadilisha jengo alitakiwa kupeleka ramani kwa mahakimu wa leseni. Mahakimu hao waliacha urithi mkubwa kwa maseremala bila kujua. Ramani yetu imechorwa kwa wino mweusi na kupakwa rangi ya waridi palipo na matofali, na kila chumba kimeandikwa jina lake.

Mbele kushoto ni baa ya kawaida: sakafu ya mbao tupu, mabenchi, watu waliotoka kiwandani na masizi yao. Mbele kulia ni chumba cha moshi, yaani cha kuvutia tumbaku: makochi, moto, na vitufe vya kengele ukutani vya kumwita mhudumu. Kinywaji kilekile kiliuzwa bei ya juu kidogo. Katikati yao, kijichumba kisichozidi kabati la nguo, chenye mlango wake wa barabarani na kijidirisha cha kaunta. Hapo ndipo watu wa mtaani walipokuja na jagi kuchukua bia ya kunywa nyumbani. Walitumwa hata watoto, mpaka sheria ya mwaka 1901 ilipokataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 14 isipokuwa kwenye chombo kilichozibwa na kutiwa lakiri.

Ukuta wa nyuma umechorwa mnene kuliko mwingine, na sasa najua kwa nini matofali yake hayalingani. Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Mwaka 1830 Bunge liliruhusu mlipa kodi yeyote wa nyumba kupika na kuuza bia kwake kwa leseni ya gini mbili tu (gini ni fedha ya zamani ya Uingereza), bila kupita kwa hakimu. Serikali ilitaka watu waache jini, ile pombe kali, wanywe bia. Sebule za watu zikageuka vilabu kwa maelfu, na Black Country, kwenye joto la matanuri, hapakukosekana wanywaji. Neno pabu lenyewe ni kifupi cha "nyumba ya umma", na mwanzo ilikuwa nyumba kweli. Mwaka 1869 mahakimu walirudishiwa mamlaka juu ya leseni, makampuni ya bia yakazinunua nyumba nyingi, na kufikia miaka ya 1890 yakawa yanashindana kuzijenga upya kwa vigae, vioo na mkangazi. Anayetaka kuona ushindani huo ulifika wapi aende Bartons Arms pale Aston, Birmingham, ya mwaka 1901. Vigae vimepanda hadi ngazini, na kwenye kaunta kuna vijidirisha vya kioo kizito vinavyozunguka, ambavyo mteja wa heshima alivifunga ili asitazamwe na wa chumba cha pili.

Nyumba yetu ni ndogo, lakini mafundi wake walifuata mtindo huohuo.

Machi 3

Nimekwenda Sedgley kuiangalia Beacon Hotel, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho nyumba ambayo vyumba vyake havikuvunjwa. Kaunta ni kibanda kidogo katikati ya nyumba, kina vijidirisha kila upande, na mteja huinama kuagiza. Chumba hiki wanacheka, kile kuna mzee na gazeti lake, hawasumbuani. Nilikunywa chai, nikapima upana wa fremu kwa macho.

CAMRA, chama kilichoanzishwa mwaka 1971 kutetea bia ya asili ya pipa, baadaye kiliona kwamba kuokoa bia bila nyumba yake hakutoshi, kikaanza kuorodhesha pabu ambazo ndani hapajaharibiwa. Nchi ilikuwa na pabu zaidi ya 60,000 mwaka 2000, na sasa zimebaki takriban 45,000. Zile ambazo ndani yake ni nzima kwa kiwango cha juu zinahesabika kwa mamia machache tu. Nyingi zilivunjwa vizigeu miaka ya 1960 na 1970, kama yetu. Kampuni zilitaka wahudumu wachache, polisi na mahakimu walipenda ukumbi unaoonekana wote kutoka kaunta, na mtindo wa wakati ule ulikuwa uwazi.

Machi 16

Siku ya wazi. Tumeweka ramani mezani na kuwaomba wazee wa mtaa waje waseme wanachokumbuka. Naandika usiku huuhuu kabla sijasahau.

Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aliingia, akasimama kwenye ule mstari wa sakafuni bila kuambiwa. Akaniambia, "Hapa, bab." Bab ni neno la Birmingham na jirani zake, huku kwetu ni kama kumwita mtu mwanangu. Akasema baa ya kawaida hakuwahi kuingia hata siku moja, haikuwa ya wanawake. Yeye na dada zake walikaa chumba cha moshi Jumamosi, walibonyeza kengele, mhudumu akaja na sinia. Nikamuuliza kizigeu kilikuwa na rangi gani. "Kama chai iliyokolea," akasema, na kioo chake kilikuwa na maua.

Nyuma yake alikuwa Anko. Hapa vijana wote, wa Kipunjabi kwa wa Kiafrika, tunamwita hivyo. Alikuja Uingereza mwaka 1961 kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Alimsubiri bibi amalize, kisha akaweka kidole juu ya ramani, kwenye chumba cha moshi.

"Hapa sisi hatukuruhusiwa," akasema. "Baa ya kawaida tulipewa bia, wakati mwingine. Ukisukuma mlango huu, unaambiwa hapa si pako."

Sikuwa na la kujibu. Nilijua habari hizi kwa kusoma. Februari 1965 Malcolm X, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, alikuja Smethwick, si mbali na hapa, kuona kwa macho yake ubaguzi ambao ulifika hadi kwenye pabu. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi mahali pa umma. Lakini kusoma ni kitu kimoja. Ni kitu kingine mzee unayemheshimu akikuonyesha kwa kidole kwamba ule ukuta uliokesha ukiuchora ndio uliomzuia yeye. Na ungenizuia mimi.

Machi 19

Kikao cha kamati, saa tatu nzima. Mmoja alisema tuache ukumbi ulivyo, kizigeu ni alama ya matabaka na ubaguzi. Mwingine akasema ofisa wa urithi wa halmashauri ameshatupa ishara njema, tusianze kusitasita. Nikaomba kusema.

Nikasema nimelala siku tatu na jambo hili. Kizigeu hakikumzuia Anko. Aliyemzuia ni mtu aliyesimama mlangoni, na kanuni aliyoishika. Kanuni ile imeondoka, na leo pabu nyingi za Smethwick na West Bromwich ziko mikononi mwa Wapunjabi wenyewe, zimejaa watu wa kila rangi na nyama ya kuchoma mezani. Lakini tukikiacha kizigeu kilale kwenye kifusi cha historia, tunafuta hata mahali mambo yale yalipotendeka. Mjukuu wake Anko ataingia kwenye ukumbi mweupe mpana, na hakuna kitakachomwonyesha babu yake alisimama wapi. Nikasema pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba vyumba vidogo vinafaa kwa watu. Wamama wa mtaa wanaotaka kukaa bila kelele za mpira, wazee wenye masikio mazito, mimi na chai yangu.

Anko alikuwa amealikwa. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Urudishe, kijana. Lakini paandikwe." Tukakubaliana kwa kauli moja: kizigeu kinarudi, na kando ya mlango namba 1 itawekwa karatasi ndani ya fremu inayosema nani hakuruhusiwa kuingia, na miaka gani. Ataiandika yeye, kwa Kipunjabi kwanza, mjukuu wake ataifasiri.

Aprili 11

Nimefanya kosa na naliandika lote.

Milango yote nilidhani ni ya mwaloni uliopakwa vanishi ikawa nyeusi. Nikachukua mlango namba 3, nikapaka dawa ya kutolea rangi kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, nikafuta. Chini ikatokea mbao nyeupe, msonobari wa kawaida. Hapo nikaelewa, nikahisi tumbo linapoa. Haikuwa vanishi chafu. Ile nyuzi ya mwaloni yote ilichorwa: fundi wa miaka mia na zaidi iliyopita alipaka rangi ya msingi ya manjano, juu yake rangi ya kahawia nyepesi, akaiburuta kwa kitana cha chuma ikiwa mbichi, akafuta vile vimeremeto vya mwaloni kwa kitambaa kilichovikwa kwenye ukucha wa dole gumba. Kazi ya mkono, mlango mzima. Na mimi nimefuta kiganja kizima kwa dakika kumi.

Nimesimamisha kila kitu, nimemwarifu ofisa wa urithi mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine. Amekuja, ameangalia, amesema kipande kibaki kama kilivyo mpaka apatikane mtu anayejua kuchora nyuzi. Mimi nimeomba nijifunze. Kila jioni sasa natandaza ubao wa msonobari jikoni na kitana. Ubao wa kumi na nne ndio wa kwanza uliofanana na mti.

Mei 8

Kibali kimetoka kwa maandishi. Mbao zimefika: mkangazi wa zamani, zilizotolewa kwenye kaunta ya benki iliyovunjwa. Nimezipiga randa, harufu yake ikanirudisha karakanani Tanga nikiwa na miaka kumi na miwili, nafagia vumbi la mbao. Nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona saa hizi, kuna nini?"

Nikamwonyesha kwa kamera. Akataka kuona viungo karibu. Nimetumia ulimi na tundu, na kigingi cha mbao, bila skrubu, maana ndivyo alama za sakafuni zilivyosema: skrubu zilishika kizingiti tu. Akaniambia ulimi ni mnene mno kwa fremu ile, mbao ikikauka kwa joto la moto wa chumbani itapasuka pembeni. Nimeupunguza milimita mbili. Alikuwa sahihi, ulivyoingia haukulia.

Kioo ndicho kilichotutesa. Kile cha asili kilichorwa kwa tindikali: unafunika sehemu zitakazong'aa, tindikali inakula zilizobaki zikawa nyeupe kama ukungu. Vioo vitano vinahitajika. Kimoja cha asili tumekipata, kilikuwa dirisha la choo cha nyuma, kimepakwa rangi pande zote. Maua yake ni yaleyale aliyosema bibi. Fundi wa vioo amechukua nakala hapo.

Juni 2

Nimeshuka ghalani chini ya sakafu, kwa sababu nguzo inayobeba kaunta ilihitaji kuangaliwa. Kijana tuliyemwajiri kuendesha pabu alikuwa anapanga mapipa. Kule ni nyuzi joto 12 kiangazi na masika. Bia ya pipa hufika ikiwa hai, hamira bado inafanya kazi ndani. Anapigilia kijiti laini juu ya pipa, hewa inatoka kwa mapovu, povu likitulia anaweka kijiti kigumu kuzuia. Akishalifungua, ana siku chache tu kabla halijaharibika. Kisha inavutwa juu kwa pampu ya mkono, gesi haisukumi chochote. Nilimwangalia anavyoweka sikio kwenye pipa kama daktari. Nguzo ni nzima.

Juni 21

Kizigeu kimesimama. Tulikuwa wanne, na kazi ilianza asubuhi. Kizingiti kimeingia kwenye mstari wa zamani, na matundu sita kati ya manane yamelingana na vipimo vyangu. Mawili nimeyachonga upya.

Timazi inasema kimenyooka. Mlango namba 1 lakini unagusa sakafu upande wa kaunta, kwa kuwa nyumba imetitia kidogo tangu zamani, kama nyumba zote za hapa juu ya makaa. Sitaikwangua sakafu. Kesho nautoa mlango, napiga randa chini kwa mteremko wa milimita tisa, naurudisha.

Yaliyobaki: vioo viwili bado viko kwa fundi. Waya za kengele ni nzima hadi kitufe cha tatu; za kitufe cha nne na cha tano hazijulikani zilikopita ukutani. Fremu ya karatasi ya Anko nimeiunda kwa kipande cha mkangazi uleule wa kizigeu. Mjukuu wake amenitumia ujumbe jioni hii kwamba babu ameandika kurasa nne na anauliza kama zitatosha kwenye fremu. Nimemjibu aendelee kuandika, fremu nitaifanya kubwa zaidi.